Ukitaka Kuacha Dawa Kali za Maumivu, Shuka Taratibu

Mara nyingi huanza na ajali au upasuaji. Mtu ameanguka na bodaboda, amewekewa chuma pajani, ameruhusiwa kurudi nyumbani na tramadoli ya miligramu 50, moja asubuhi na moja jioni kwa siku kumi. Siku kumi zikawa mwezi. Duka la dawa la mtaani likaacha kumuuliza cheti kwa sababu wameshamzoea. Miaka miwili baadaye mfupa umeunga zamani, lakini akichelewa kumeza kidonge cha jioni anaanza kupiga miayo, pua inachuruzika, na usiku miguu haitulii kitandani. Hapo ndipo anapojiuliza kimoyomoyo: nimeshakuwa teja?

Makala hii inamhusu yeye, na yeyote aliyetumia kwa miezi au miaka dawa za jamii ya afyuni alizoandikiwa na daktari: tramadoli, kodeini, morfini, pethidini, na kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, oksikodoni na plasta za fentanili. Ana hofu mbili zinazomvuta huku na huku. Anaogopa kuendelea, kwa kuwa amesikia mengi kuhusu uraibu. Anaogopa kuacha, kwa kuwa aliwahi kuionja arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa, duka lilipokosa dawa siku mbili, tena anadhani maumivu ya zamani yatarudi maradufu.

Kuacha kunawezekana, na wengi huacha wakiwa nyumbani kwao bila kulazwa. Hatari kubwa iko kwenye haraka. Ukikatisha ghafla dawa uliyoizoea muda mrefu, unaweza kujiweka pabaya kuliko ulipokuwa ukiimeza. Ukishuka polepole, kwa mpango uliokubaliana na anayekutibu, mwili hupata nafasi ya kujirekebisha. Kwa hiyo ukimaliza kusoma usizitupe dawa zako. Endelea kumeza kama kawaida hadi mtakapokaa na daktari mkapanga.

Kinachotokea mwilini

Dawa hizi hushika vipokezi vilivyoko kwenye ubongo, uti wa mgongo na utumbo. Hupunguza taarifa za maumivu, lakini pia huituliza sehemu ya ubongo inayotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na kuuendesha moyo mbio. Ubongo haukubali kutulizwa kila siku bila kujibu. Wiki baada ya wiki huongeza nguvu upande wake ili mambo yabaki sawa, na ndiyo sababu dozi iliyokutosha mwaka jana leo huioni kazi yake. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba: dawa inavuta huku, mwili unavuta kule, na anayetazama kwa mbali anaona kamba imetulia. Upande mmoja ukiachia ghafla, wa pili unaanguka chali.

Arosto ndiko huko kuanguka, na dalili zake ni kinyume cha kazi ya dawa. Dawa ilifunga choo, sasa unaharisha. Ilileta usingizi, sasa unakesha. Iliibana mboni ya jicho, sasa imetanuka na mwanga unakuumiza. Jasho linatoka huku unasikia baridi, malaika ya mwili yanasimama, viungo vyote vinauma, moyo unadunda. Kwa mtu mzima mwenye afya nzuri, dalili hizi zinatesa sana ila ni nadra kuua zenyewe.

Hali hii humpata kila aliyetumia dawa kwa muda wa kutosha, hata kama hajawahi kuzidisha kidonge kimoja. Wataalamu wanaiita utegemezi wa mwili, na si aibu ya mtu. Anayetumia propranololi kwa ajili ya moyo akiacha ghafla naye hupata shida, moyo ukaenda mbio, na hakuna anayemwita teja. Uraibu ni ugonjwa mwingine, nitaugusa mbele.

Tramadoli, ambayo ndiyo dawa ya jamii hii inayoonekana sana madukani kwetu, ina upande wa pili. Mbali na kushika vipokezi vya afyuni, huongeza serotonini na noradrenalini kwenye ubongo, kazi inayofanana na ya baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo arosto yake inaweza kuja na mambo ambayo familia haikuyategemea: hofu ya ghafla inayombana mtu kifua, michomo mikononi na miguuni, kuchanganyikiwa, hata kuona au kusikia visivyokuwepo. Si wengi wanaofika huko. Lakini mke au mume akijua mapema kwamba linaweza kutokea, atampeleka mwenzake hospitali badala ya kwenda kutafuta aliyemroga. Kwa sababu hiyohiyo, mtu aliye kwenye tramadoli asianze amitriptilini au fluoxetini bila daktari kujua kuwa anatumia zote mbili. Pamoja zinaweza kuleta degedege au kuzidisha serotonini mwilini, na hilo ni jambo la dharura.

Walichojifunza Wamarekani kwa gharama kubwa

Machi 2016 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwongozo uliowataka madaktari wawe waangalifu na dozi kubwa za dawa hizi, hasa zinazofikia sawa na miligramu 90 za morfini kwa siku. Nchi ilikuwa inazika maelfu ya watu kila mwaka waliokufa kwa kuzidisha dozi, na mwongozo ulikuwa na nia njema. Ulikuwa pia wa hiari. Hata hivyo kampuni za bima, maduka ya dawa na kliniki nyingi ziliuchukua kama sheria, na wagonjwa waliokuwa wametulia kwa miaka wakashushwa dozi ndani ya wiki chache, wengine wakaambiwa tu wasirudi.

Aprili 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilitoa tahadhari kwamba kuachishwa ghafla kumewaletea watu arosto kali, maumivu yasiyoshikika, msongo mkubwa wa mawazo na hata kujiua. Mwezi huohuo walioandika mwongozo wa 2016 walijitokeza kusema umetumika kinyume na walivyokusudia. Novemba 2022 CDC ikatoa mwongozo mpya: viwango vya dozi vimeondolewa kwenye mapendekezo yenyewe, na kwa aliyetumia dawa mwaka mmoja au zaidi, inashauriwa kupunguza asilimia 10 kwa mwezi au polepole zaidi ya hapo.

Takwimu zinaonyesha sababu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 113,618 waliokuwa kwenye dozi kubwa kwa muda mrefu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2021. Waliopunguziwa dozi walipata matukio 9.3 ya kuzidisha dozi kwa kila watu 100 kwa mwaka, wakati ambao hawakupunguziwa walipata 5.5. Matukio ya kuugua akili kwa dharura nayo yaliongezeka zaidi ya maradufu. Utafiti mwingine, wa maveterani wa jeshi zaidi ya milioni 1.3, uliotoka mwaka 2020, uliona vifo vya kuzidisha dozi na kujiua vinapanda baada ya dawa kukoma, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na kadiri mtu alivyokuwa ametumia muda mrefu ndivyo hatari ilivyokuwa kubwa. Inawezekana waliopunguziwa walikuwa na matatizo mengi zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo lawama zote haziwezi kuangushiwa kupunguza peke yake. Lakini onyo linatosha kwa mtu anayejipanga kuacha Jumatatu ijayo kwa ubishi.

Kwetu Afrika Mashariki si bima inayomkatisha mtu dawa. Hela zimeisha katikati ya mwezi, duka limekosa mzigo, au kumetokea msiba kijijini mtu akapanda basi usiku na kusahau dawa mezani. Mwili hauulizi sababu. Ukiwa unatumia dawa hizi kila siku, kuwa na akiba ya siku saba ni sehemu ya matibabu, na safari yoyote ianze kwa kuhesabu vidonge.

Wasioharakishwa kupunguza

Mgonjwa wa saratani, au yeyote anayepata tiba shufaa kwa ugonjwa usiopona, asipunguziwe morfini kwa sababu ndugu wameogopa neno uraibu. Nasisitiza hili kwa sababu katika ukanda wetu watu wengi zaidi huteseka kwa kukosa morfini kuliko kwa kuizidisha. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na tangu hapo Uganda imeonyesha kuwa morfini ya maji, inayochanganywa kutoka unga kwa gharama ndogo, inaweza kumtuliza mgonjwa akiwa kitandani kwake nyumbani. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road huitoa kwa wagonjwa wake. Anayehitaji dawa hiyo aipate, tena kwa saa zake.

Mwenye siko seli naye ana hesabu zake, kwa kuwa maumivu yake huja kwa mkupuo na yanaweza kuwa dalili ya hatari. Mipango yake ipangwe na kliniki inayomfahamu. Mjamzito asiache ghafla hata siku moja. Arosto kali inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo aende kliniki akaseme ukweli, hata kama anaona haya. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kujaribu kujiua, na anayechanganya dawa hizi na diazepamu au pombe, wote hawa wanahitaji uangalizi wa karibu ambao makala haiwezi kuutoa. Diazepamu na tramadoli zisiachwe kwa pamoja. Diazepamu ikikatishwa ghafla inaweza kuleta degedege, na hiyo inaweza kuua.

Hesabu ya vidonge

Kwenye karatasi asilimia kumi ni jambo jepesi. Kwenye paketi ya tramadoli ni kazi, na hapa ndipo watu wengi wanaokata tamaa hukwamia.

Chukua mtu anayemeza kapsuli nne za miligramu 50 kwa siku, jumla 200. Asilimia kumi ni miligramu 20, na hakuna kapsuli ya miligramu 20. Akiondoa kapsuli moja amepunguza robo nzima, ambayo ndiyo mwisho wa kiwango FDA inachokitaja: asilimia 10 hadi 25, kila baada ya wiki mbili hadi nne. Anaweza kuivumilia. Tatizo linakuja mbele. Kutoka kapsuli tatu kwenda mbili amepunguza theluthi. Kutoka mbili kwenda moja amepunguza nusu. Ya mwisho ndiyo yote. Kapsuli ni ileile, lakini kila inapoondoka uzito wake ni mkubwa kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana mtu husema, “Mwanzo nilikwenda vizuri, mwishoni ikanishinda,” akadhani ni udhaifu wa moyo. Mara nyingi ni hesabu tu.

Kuna njia. Daktari au mfamasia anaweza kumhamisha kwenye vidonge vya kawaida vyenye mstari wa kukatia, ili apungue miligramu 25 kila hatua: 200, 175, 150, 125, na kuendelea. Hizo ni hatua nane, na akikaa mwezi mmoja kila hatua, ni miezi minane. Huko chini, kuanzia miligramu 75, huenda akahitaji zaidi ya mwezi katika kila hatua, au tramadoli ya matone pale inapopatikana. Akifikia dozi ndogo kabisa inayopimika, daktari anaweza kuanza kumtanulia saa kati ya dozi na dozi, hadi zikome. Wapo watakaotumia mwaka mzima au zaidi, na huo si uzembe.

Kapsuli isifunguliwe kugawanywa kwa macho. Kidonge kinachotoa dawa taratibu kwa saa 12 au 24 kisikatwe wala kusagwa kabisa, kwa sababu dawa ya siku nzima itamwagika mwilini kwa mara moja. Ukiwa kwenye morfini ya maji una afadhali, kwa kuwa unaweza kushuka kutoka mililita 10 hadi 9 bila kukata chochote. Ila soma chupa kila unapopewa mpya, maana nguvu zake hutofautiana sana, na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Kosa ninalolisikia mara kwa mara ni la kumeza leo na kuruka kesho, mtu akiamini anapunguza nusu. Tramadoli ya kawaida hudumu mwilini saa chache tu. Anayeruka siku nzima anajitia arosto kila baada ya siku moja na kuutibua ubongo badala ya kuuzoesha. Punguza kiasi, lakini saa zibaki zilezile. Anza na dozi unayoihitaji kidogo, kwa wengi ile ya mchana, na ile ya usiku iwe ya mwisho kuguswa.

Ukifika hatua ikakuelemea, simama hapo. Kaa na dozi hiyo wiki mbili, mwezi, hata miwili, kisha endelea. Madaktari wazuri hupanga vituo hivi tangu mwanzo, kwa mfano mwezi wa Ramadhani, msimu wa mitihani ya watoto, au wakati wa msiba. Kinachoepukwa ni kupanda tena juu kila unapoumia, kwa sababu hapo mwili unarudi mwanzo.

Uwe na daftari. Andika tarehe, ulimeza nini na saa ngapi, maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10, ulilala saa ngapi, na jambo moja ulilolifanya siku hiyo: nimefua, nimekwenda sokoni kwa miguu, nimesali nimesimama. Safu hii ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Namba ya maumivu hupanda na kushuka kwa hali ya hewa na hasira, lakini anayefua leo na mwezi uliopita hakuweza kufua, amepona kitu. Andika pia miligramu zilizoandikwa kwenye paketi kila unaponunua. Afrika Magharibi zimekamatwa tramadoli za magendo za miligramu 225 na 250, juu sana ya zile za kawaida zinazoandikwa na madaktari, na aliyezoea kuhesabu vidonge bila kusoma miligramu anaweza kuzidisha mara tano bila kujua.

Siku za shida

Kwa dawa za muda mfupi, dalili za kukatisha ghafla huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho na kuisha ndani ya siku nne hadi kumi. Ukishuka polepole utaonja kipande chake tu baada ya kila hatua, siku tatu nne za kutotulia, kisha hali inarudi. Usingizi ndio unaochelewa kukaa sawa, na moyo nao unaweza kuwa mzito kwa wiki kadhaa bila sababu unayoiona.

Ukiharisha, kunywa maji ya chumvichumvi ya paketi, uji mwepesi, supu. Loperamidi inasaidia, kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi, kwa kuwa ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo. Parasetamoli inatuliza maumivu ya mwili: vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24 kwa mtu mzima, na pungufu ya hapo kwa mwenye tatizo la ini au mnywaji. Daktari anaweza kuandika klonidini, dawa ya presha inayoipunguza ile noradrenalini iliyofurika, lakini hushusha presha na si ya kujinunulia. Kahawa na miraa ziache jioni. Pombe na vidonge vya usingizi vya kuazima kwa jirani viepukwe kabisa. Miguu isiyotulia usiku hupata nafuu kwa maji ya moto na kutembea kidogo kabla ya kulala. Kama ulikuwa unatumia dawa ya kulainisha choo, ipunguze sambamba na dozi, usije ukaharisha mara mbili.

Kuna jambo halizungumzwi. Matumizi ya muda mrefu hushusha homoni za uzazi, hedhi ikapotea na hamu ya tendo la ndoa ikafifia. Dozi inaposhuka, vyote hivi huanza kurudi. Ni habari njema kwa ndoa nyingi, na mwanamke asiyetaka mimba ajue kwamba anaweza kuishika kabla hajaiona hedhi ya kwanza.

Nenda hospitali mara moja ukitapika hadi maji hayakai tumboni, ukipata degedege, maumivu ya kifua, au ukianza kuona visivyokuwepo. Na ukianza kufikiri ni afadhali ufe, usilale na wazo hilo peke yako. Mwambie mtu aliye nyumbani usiku huohuo, akae nawe, aziweke dawa zote mbali nawe, na asubuhi mwende hospitali pamoja. Wazo hilo linaweza kuwa dalili ya ubongo ulionyang'anywa dawa haraka mno, na mara nyingi hupoa dozi ikirekebishwa na mtu akipata msaada. Walioko Marekani wanaweza kupiga 988 saa yoyote.

Je, maumivu yatarudi?

Yataongezeka kwa muda. Baada ya kila hatua kuna maumivu yanayotokana na arosto yenyewe. Utayatambua kwa kuwa yametapakaa mwili mzima, yanakuja na miayo na jasho, na yanapungua wiki moja au mbili baadaye. Maumivu ya ugonjwa wako wa zamani hukaa mahali pake. Anayejua tofauti hii hataukimbilia mkebe wa dawa siku ya tatu akidhani mgongo umeharibika upya.

Baada ya hapo, hali si mbaya kama inavyoogopwa. Utafiti uliofanywa na hospitali za maveterani za Minneapolis, ukachapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Nusu walipewa dawa za jamii ya afyuni, nusu dawa nyingine kama parasetamoli na zile za jamii ya ibuprofeni. Mwisho wa mwaka uwezo wa kufanya shughuli ulilingana, na maumivu yalikuwa pungufu kidogo kwa wale ambao hawakupewa afyuni. Tena zipo dalili kwamba dawa hizi zikitumika muda mrefu zinaweza kuzifanya neva ziwe nyepesi kuumia, hata mguso mdogo ukachoma. Kwa watu wa namna hiyo, kushuka kwa dozi kunaweza kuleta nafuu.

Lakini tiba mbadala ianze kabla ya hatua ya kwanza ya kupunguza. Kama ni mgongo au goti, anza mazoezi ya tiba ya viungo mwezi mmoja kabla, yale madogomadogo ya kila siku. Diklofenaki na ibuprofeni zina kazi yake, ila mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu asizifanye mazoea. Dawa ya chupa isiyo na lebo inayouzwa kwa ahadi ya kumaliza maumivu yote, usiiguse, kwa kuwa hujui ndani wameweka nini. Na wapo ambao, baada ya kujaribu kwa uaminifu, watabaki na dozi ndogo inayowawezesha kufanya kazi na kulala. Hilo nalo ni uamuzi halali wa tiba ukifanywa na daktari na mgonjwa wakiwa wameelewana.

Kuzungumza na daktari

Mazungumzo mengi huharibika kwa sababu ya namba moja ya uongo. Yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo mama. Cheti kinasema mbili kwa siku. Unameza ngapi hasa?”

“Marahaba mwanangu. Nisikufiche, ni nne. Mbili hazinitoshi tangu mwaka jana.”

“Umefanya vizuri kuniambia. Ningekupangia kwa mbili ungeteseka.”

Kweli angeteseka. Mpango ukianzia kwenye mbili wakati mwili umezoea nne, hatua ya kwanza pekee inakata zaidi ya nusu. Sema idadi halisi, sema unanunua wapi, sema kama unachanganya na kitu kingine. Na ukiambiwa, “Kuanzia kesho usimeze tena,” una haki ya kujibu kwa adabu: “Daktari, nimetumia miaka miwili, nikikatisha ghafla naumwa sana. Naomba unipangie tushuke kidogokidogo.” Akikataa kabisa, tafuta daktari wa pili kabla dawa haijaisha. Ulizia hospitali ya rufaa, kliniki ya maumivu, tiba shufaa au afya ya akili, kwa kuwa huko wamezoea dawa hizi. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Somalia walioko Marekani wajue kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuwapatia mkalimani bila malipo. Mtoto wa miaka 12 asibebeshwe kazi ya kutafsiri arosto ya baba yake.

Daktari naye anaweza kukuuliza maswali yatakayokukera. Unameza ili ulewe kidogo? Unajificha? Unasaga? Unanunua maduka matatu tofauti ili usishtukiwe? Umeharibu kazi au ndoa na bado unaendelea? Majibu ya ndiyo yanaashiria uraibu, na uraibu haumalizwi kwa kupunguza vidonge peke yake, kwani wengi hurudia. Una tiba yake. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, hasa kwa watumiaji wa heroini, na huduma hiyo ikaenea mikoa mingine, Zanzibar nayo ikaanza ya kwake. Methadoni huchukua nafasi ya dawa iliyomtawala mtu, humtoa kwenye mzunguko wa arosto, na huokoa maisha. Anayeitumia anatibiwa, kama anavyotibiwa mwenye kisukari, na familia isimsukume aiache haraka ili kuonyesha watu kuwa amepona.

Baada ya kushuka

Kipindi kinachoua ni kile ambacho mtu ameshapunguza au ameacha, siku moja maumivu yakamzidi, akafungua kopo la akiba na kumeza kiasi kilekile cha zamani. Uvumilivu wa mwili hupungua ndani ya wiki chache. Dozi iliyokuwa ya kawaida miezi sita iliyopita sasa inaweza kusimamisha pumzi, na hatari ni kubwa zaidi ukiwa umekunywa pombe au diazepamu. Watu wa nyumbani wajue dalili: haamki hata ukimtikisa, anapumua kwa mbali sana au anakoroma kwa sauti ya maji kooni, midomo imekuwa ya bluu au ya kijivu, mboni zimebana kama ncha ya sindano. Usimwagie maji wala kumnywesha maziwa. Kama anapumua, mlaze ubavu; kama hapumui, mlaze chali, mfungue njia ya hewa na umpulizie pumzi mdomoni, na mkimbizeni hospitali. Kuna dawa inayoitwa naloksoni inayorudisha pumzi. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na Marekani tangu 2023 inauzwa bila cheti kama dawa ya kupulizia puani. Aliye na mgonjwa wa dozi kubwa nyumbani amuulize daktari jinsi ya kuipata.

Vidonge vilivyobaki virudishwe kwa mfamasia au hospitali ulikovichukua. Plasta ya fentanili iliyotumika bado ina dawa ya kutosha kumuua mtoto mdogo akiibandika au kuiweka mdomoni, kwa hiyo ikunje kwa upande wa gundi na uirudishe pia. Usimgawie jirani anayelia na mgongo, hata akikusihi. Hujui anatumia nini kingine, na dozi uliyoizoea wewe kwa miaka, mwili wake haujawahi kukutana nayo.